Naweza kuishtaki serikali ya nchi nyingine tribinalini kwetu?

Swali limetoka Goma. Mama mmoja aliyempoteza mume wake tarehe 3 Mei 2024, siku mabomu yalipoangukia kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga na Lac Vert, ameniandikia hivi:

«Maître, jambo. Nilisikia redioni kwamba Marekani kuna sheria inayomruhusu mtu aliyeumizwa na magaidi kushtaki serikali ya nchi iliyowasaidia hao magaidi. Sisi serikali yetu ilisema tangu 2022 kwamba waasi wa M23 ni magaidi, na kila siku inasema Rwanda iko nyuma yao. Sasa mimi nauliza: naweza kufungulia Rwanda kesi hapa Kongo? Kama hapana, naweza kupeleka kesi yangu Marekani? Kuna mtu katika kartie anaandikisha majina ya wafiwa kwa dola 20 kila dosie, anasema ni kwa ajili ya kesi ya Amerika.»

Mama, jambo na pole sana. Najua unataka jibu kabla ya maelezo, kwa hiyo nalitoa: kwa leo, hapana kwa yote mawili. Tribinali ya Kongo haiwezi kuihukumu Rwanda kama dola, yaani kama nchi, na sheria ya Marekani uliyoisikia haikutungwa kwa ajili yako. Huyo bwana wa dola 20 nitamrudia mwishoni. Hata hivyo haki yako haijafa, na nitakuonyesha mahali pa kuielekeza.

Tuanze na ukuta wenyewe. Dola haifikishwi mbele ya hakimu wa dola nyingine bila ridhaa yake. Hiyo ndiyo kinga ya dola, na ni kanuni ya mataifa ya zamani. Kwenye biashara imelegea: serikali ikinunua saruji ikakataa kulipa, nchi nyingi leo zitakubali muuzaji aishtaki. Kwenye matendo ya jeshi bado ni ngumu kama mawe ya Nyiragongo. Kigali inakanusha kwamba inawasaidia M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kinyume chake ripoti baada ya ripoti. Lakini mbele ya hakimu wa Goma au wa hapa Lubumbashi ubishi huo hata haufikiwi. Avoka wa upande wa pili atasimama, atataja kinga, na hakimu atafunga dosie kabla hajasikia neno moja kuhusu mume wako.

Sasa Marekani. Sheria yao ya 1976 kuhusu kinga za dola ilikuwa na ukuta huo huo. Mwaka 1996 Bunge lao likatoboa tundu: nchi iliyowekwa na serikali ya Washington kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi inaweza kushtakiwa. Iran imo tangu 1984. Tatizo likaja na Saudi Arabia. Familia za waliouawa tarehe 11 Septemba 2001 zilitaka kuishtaki, lakini haikuwa kwenye orodha. Ndipo mwaka 2016 ikatungwa sheria wanayoiita JASTA, inayofungua njia hata dhidi ya nchi isiyo kwenye orodha, mradi mtu ameumia ndani ya ardhi ya Marekani. Rais Obama aliikataa tarehe 23 Septemba. Siku tano baadaye Seneti ikampindua kwa kura 97 dhidi ya 1, na Baraza la Wawakilishi kwa 348 dhidi ya 77. Katika miaka yake minane ni mara hiyo moja tu Bunge lilifanikiwa kumpindua.

Soma tena lile sharti: ndani ya ardhi ya Marekani. Mugunga haimo. Na lile tundu la 1996 linawapitisha raia wa Marekani, wanajeshi wake na watu waliokuwa kazini kwa serikali yake. Zaidi ya hayo, Rwanda haiko kwenye orodha. Kuna sheria nyingine ya kwao, ya 1991, ambayo hata mgeni anaweza kuitumia kwa mauaji na mateso, lakini hiyo inamshika mtu, haishiki dola, na ni lazima huyo mtu akamatike chini ya mamlaka ya mahakama zao. Tena akiwa rais aliye madarakani haiwezekani: wajane wa marais Habyarimana na Ntaryamira walijaribu kumshtaki Rais Kagame kule Oklahoma, serikali ya Marekani ikaiambia mahakama kwamba mkuu wa nchi ana kinga, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikathibitisha kesi kufutwa.

Hata waliotungiwa JASTA hawajashiba. Kesi za familia za Septemba 11 zilianza 2002. Mwezi wa nane 2025 hakimu wa New York alikataa ombi la Saudi Arabia la kuzifuta, na watu wakashangilia. Lakini ona walichoshangilia: kwamba kesi inaweza kuendelea. Saudi Arabia inakana hadi leo, na hakuna aliyelipwa kutoka hazina yake.

Kuna kesi moja iliyokwenda hadi mwisho, na hiyo inatuhusu sisi watu wa ukanda huu kuliko ya New York. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224, na 12 tu kati yao walikuwa Wamarekani. Nairobi jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi liliporomoka lote, na abiria waliokuwa wakipita kwenye basi barabara ya Haile Selassie waliungua wakiwa kwenye viti vyao. Osama bin Laden alikuwa ameishi Khartoum hadi 1996, na Sudan ilikuwa kwenye orodha tangu 1993. Wafiwa wakaishtaki Sudan huko Washington. Baada ya zaidi ya miaka kumi hakimu akatamka jumla ya dola bilioni 10.2. Sudan ikakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwezi Mei 2020 iliwapa wahanga ushindi kuhusu fidia ya adhabu, kiasi cha dola bilioni 4.3 hivi.

Unajua Sudan ililipa ngapi? Milioni 335. Hizo ziliwekwa mezani na serikali mpya ya Khartoum iliyotaka kutolewa kwenye orodha ili ipate mikopo, nazo zilijumuisha mashambulio mengine pia, si balozi peke yake. Desemba 2020 Sudan ikatolewa, Bunge la Marekani likairudishia kinga yake kwa kesi za namna hiyo, mambo yakaisha. Mkenya au Mtanzania aliyekuwa mfanyakazi wa ubalozi alipata kitu, ingawa kidogo sana kuliko mwenzake Mmarekani waliyekaa naye ofisi moja. Yule mama muuza mboga aliyekuwa akipita nje, au yule wa kwenye basi, sheria haikumfungulia mlango kabisa. Na hao ndio waliokuwa wengi kati ya waliokufa.

Nakaa sana hapa kwa makusudi, Mama, kwa sababu wabunge wetu wanaposimama Kinshasa kusema «na sisi tutunge sheria kama ya Wamarekani», hawataji kilicholeta zile milioni 335. Hazikuletwa na hukumu. Zililetwa na orodha: Marekani ilikuwa imeshika shingo ya uchumi wa Sudan, na hukumu ilikuwa chombo kimoja tu cha kubania. Sisi tumeshika shingo ya nani?

Hebu tuseme Bunge letu litunge sheria hiyo kesho, na uishinde Rwanda tribinalini. Huissier, afisa wa kutekeleza hukumu, atakamata nini? Ubalozi wao Kinshasa? Mkataba wa Vienna wa 1961 unaulinda, hata uhusiano ukiwa umevunjika kama ulivyovunjika Januari 2025. Ndege za RwandAir? Tangu 2022 haziruhusiwi kutua kwetu, na hata zingetua, kampuni ya ndege ni mtu mwingine kisheria. Kisha kuna OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012: kifungu cha 30 cha sheria yake ya kukusanya madeni kinasema wazi kwamba mwenye kinga hakamatiwi mali kwa nguvu. Sheria ya Bunge letu haiwezi kukiruka hicho, kwa maana kifungu cha 215 cha Katiba kinaweka mikataba juu ya sheria za nchi.

Sisi wa Lubumbashi hilo la «mtu mwingine kisheria» tunalijua vizuri, maana lilituokoa. Mfuko mmoja wa Marekani, FG Hemisphere, ulinunua deni la zamani la dola zaidi ya milioni 100 ambalo Kongo ilikuwa inadaiwa kwa ujenzi wa mitambo ya umeme, kisha ukazunguka dunia ukitafuta mali yetu ya kukamata. Hong Kong mwaka 2011 mahakama ya mwisho ilisema Kongo ina kinga kamili, waondoke. Mwaka 2012 majaji wa Privy Council wa London, kwa rufaa iliyotoka kisiwa cha Jersey, wakasema Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, siyo dola ya Kongo, kwa hiyo mali yake haiwezi kulipa deni la dola. Kabla ya hapo, Februari 2002, Kongo yenyewe ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikaishinda Ubelgiji, iliyokuwa imetoa hati ya kumkamata waziri wetu wa mambo ya nje, Yerodia. Hoja yetu ilikuwa nini? Kinga. Ule ukuta unaokuzuia wewe leo, Kongo imeshajificha nyuma yake mara nyingi, na siamini kama wanaotaka kuubomoa wamepiga hesabu. Kigali inaishutumu Kinshasa kwa kushirikiana na FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda. Siku sisi tukitunga sheria yetu, wao watatunga yao kabla ya juma kuisha. Obama alikuwa na hofu ya namna hiyo hiyo kwa askari na maafisa wake, na yeye alikuwa na jeshi kubwa kuliko letu.

Italia ilijaribu kwa moyo mweupe. Mahakama zake, kuanzia 2004, zilikubali wahanga wa Wanazi waishtaki Ujerumani. Hata Wagiriki wa kijiji cha Distomo, walikouawa watu 218 mwezi wa sita 1944, walikwenda huko kukamata nyumba ya Ujerumani inayoitwa Villa Vigoni, karibu na ziwa Como. Ujerumani ikapeleka shauri The Hague. Mwaka 2012 majaji 12 dhidi ya 3 wakasema: uovu ulikuwepo, hakuna anayeubisha, lakini kinga ya dola haiondoki kwa ukubwa wa uovu. Mahakama ya Katiba ya Italia ikagoma mwaka 2014, kesi zikaendelea, Ujerumani ikarudi The Hague 2022. Italia ikaishia kuunda mfuko wake yenyewe, wa kuwalipa wahanga kwa pesa ya Italia.

Hapo ndipo tunafika kwetu. Njia zilizopo, nyingi zinapitia dola yako mwenyewe, na lazima ujue ipi inakuhusu.

Ile ya Uganda haikuhusu. Uganda ilikuwa imekubali mamlaka ya mahakama ya The Hague, ndiyo maana tuliishinda 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamriwa ilipe dola milioni 325 kwa awamu tano za milioni 65. Pesa hiyo inagawiwa na FRIVAO, mfuko wa serikali yetu wenye makao Kisangani, kwa wahanga wa vita vile vya zamani: Ituri, Kisangani ya vita vya siku sita, na kwingine. Rwanda haikukubali mamlaka hayo, na 3 Februari 2006 mahakama ikasema haiwezi kusikiliza. Nalitaja kwa sababu nimewaona watu wa Kivu wakijaza fomu za FRIVAO kwa mambo ya 2024. Utajisumbua.

Inayokuhusu ni FONAREV, mfuko uliotokana na sheria namba 22/065 ya 26 Desemba 2022. Inagusa wahanga wa ubakaji wa vitani na wahanga wa jinai dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na kushambulia kambi ya raia waliokimbia kunaingia humo. Asilimia 11 ya mrabaha wa madini imetengwa kwa ajili yake, yaani shaba na kobalti ya huku kwetu Katanga ndiyo inayotakiwa kukufuta machozi. Kama inafika yote na inafika kwa nani, hilo ni swali halali, na uliulize kwa sauti. Faida yake ni moja kubwa: FONAREV haikuombi uthibitishe ni dola gani iliyorusha bomu. Inakuomba uthibitishe kwamba lilirushwa na kwamba wewe ni mfiwa.

Arusha pia fuatilia. Kongo iliishtaki Rwanda mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2023, na 26 Juni 2025 majaji wakasema wana mamlaka na shauri linapokelewa. Wewe binafsi huwezi kwenda pale, maana Kongo haijatoa tamko la kuwaruhusu raia wake. Lakini ikifika siku ya kuhesabu fidia, Kongo itahitaji majina na makaratasi. Katika ile kesi ya Uganda, zilipofika kwenye hesabu The Hague, majaji walilalamika sana kuhusu udhaifu wa ushahidi wetu. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11 ikapata milioni 325. Sehemu ya pengo hilo ni makaratasi ambayo hayakuwepo.

Watu binafsi hawana kinga ya dola kwa jinai za vita wakishatoka madarakani, na viongozi wa makundi hawana hata wakiwa porini. Mahakama zetu za kijeshi zinawahukumu, na mfiwa anaweza kujiunga kama mdai wa fidia chini ya kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, ambacho kila mwanafunzi wa sheria hapa anakijua kwa moyo: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ailipe. Kulipwa ni habari nyingine. Hata ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, ya shambulio la Bogoro, iliwapa wahanga 297 dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja, na pesa hiyo haikutoka kwake kwa sababu hakuwa nayo. ICC imetangaza Oktoba 2024 kwamba inachunguza upya Kivu Kaskazini tangu Januari 2022, kwa hiyo tarehe yako iko ndani.

Na makampuni. Hapa nina matumaini zaidi kidogo kuliko kwingine, kwa kuwa benki au kampuni haina kinga. Oktoba 2025 baraza la raia New York liliamua BNP Paribas iwalipe wakimbizi watatu wa Sudan zaidi ya dola milioni 20 kwa kuihudumia kifedha serikali ya Bashir. Lakini familia za wachimbaji wa kobalti wa huku kwetu zilizozishtaki Apple na wenzake zilishindwa kwenye rufaa Washington Machi 2024. Njia ipo, ni nyembamba, na inapitiwa na mashirika yenye wanasheria wa kulipwa kwa miaka.

Jambo moja zaidi la kuangalia: mikataba ya amani. Rwanda na Kongo walisaini Washington tarehe 27 Juni 2025, na mazungumzo mengine, ya Kongo na M23, yamekuwa Doha. Dai lako likishachukuliwa na dola, dola inaweza kulipunguza au kulisamehe mezani, kama Washington ilivyofanya na Sudan. Vyama vya wahanga visiache kuuliza kila karatasi inayosainiwa inasema nini kuhusu fidia.

Sasa kazi yako ya wiki hii. Tafuta ule jeton wa kambi, ile kadi ya kuandikishwa. Kambi za Mugunga zilivunjwa Februari 2025, mahema hayapo tena, na jeton yenye jina la mume wako au lako inaweza kuwa karatasi pekee inayosema mlikuwa pale. Tafuta pia karatasi ya hospitali, hata kama ni kipande cha kuingia tu, kadi yake ya mpiga kura, na picha za mazishi zikiwa na tarehe. Kama ndoa yenu ilikuwa ya mahari bila kuandikishwa, waombe wazee wawili waliopokea mahari waandike walichokiona na kutia sahihi, mmoja upande wako, mwingine upande wake. Majirani wa hema wafanye hivyo hivyo: jina, hema lilikuwa wapi, saa ngapi, walisikia mlio ukitokea upande gani. Kila mtu aandike lake mwenyewe. Maandiko matano yanayofanana neno kwa neno hakimu anayatupa. Hati ya kifo kama hukuipata kabla ya Januari 2025, M23 walipouteka mji, karatasi zinazotolewa Goma sasa zinaweza kupingwa Kinshasa, basi usizitegemee peke yake. Siku ikiruhusu utaomba hukumu ya tribinali ya kuziba pengo. Piga kila kitu picha, mtumie ndugu aliye nje ya Goma, na usitembee na dosie njiani. Vipande vya bomu usiviweke nyumbani.

Kuhusu bwana wa dola 20: muulize jina lake liko kwenye orodha ya barreau gani, yaani chama gani cha maavoka, kesi iko mahakama ipi na ina namba gani, na mlalamikaji wa kwanza ni raia wa wapi. Avoka wa kweli atakujibu papo hapo, na atakupa risiti. Akikwambia namba ni siri, chukua jeton yako mkononi mwake uende zako, na uwaambie wale waliokwisha kulipa wamfuate wakiwa pamoja, si mmoja mmoja.